Nauli ya Teksi Ugenini Nayo ni Mtaji: Jinsi ya Kutembea na Kulipa Ukienda Kufuata Mzigo



Leo tuongee kitu ambacho wengi hatukiweki kwenye hesabu mpaka tumesharudi nyumbani tunajiuliza hela imeenda wapi. Ni usafiri wa ndani ya mji ukiwa ugenini. Siongelei nauli ya basi la kwenda Kampala wala tiketi ya ndege ya Dubai. Hizo kila mtu anaziandika kwa sababu ni kubwa na zina risiti. Naongelea bodaboda ya kukutoa stendi, teksi ya kwenda gesti, gari la kubeba mzigo toka sokoni, na namna unavyozilipa. Hela ndogo ndogo, lakini zikijikusanya zinakula faida yako kimya kimya.

Kwetu Misungwi jambo hili limekuwa la karibu zaidi siku hizi. Tangu daraja la Kigongo–Busisi lizinduliwe Juni 2025, mtu anavuka kilomita tatu za maji bila kusubiri kivuko, anaingia Sengerema, Geita, anaendelea mpaka Kagera, na mpaka wa Mutukula hauko mbali kama tulivyozoea kufikiri. Kwa hiyo wengi mtasafiri mara ya kwanza. Soma yote, halafu chukua kinachokufaa.

1. ANZA NA HESABU, UONE KWANINI NAULI NI MTAJI

Tuchukue mfano. Hizi ni namba za kujifunzia, sio bei za leo.

Dada mmoja ana mtaji wa shilingi milioni 2 za Tanzania. Anaenda Kampala kununua magauni 80. Amepanga kila gauni limpe faida ya shilingi 5,000.

Pale mpakani anachenji hela bila kuuliza kiwango kwa mtu wa pili. Anapewa shilingi 1.35 ya Uganda kwa kila shilingi moja ya kwetu, wakati hatua chache mbele kuna mtu anatoa 1.40. Anaona ni senti tu. Lakini kwa milioni 2, kiwango cha kwanza kinampa shilingi 2,700,000 za Uganda, cha pili kingempa 2,800,000. Hapo shilingi 100,000 za Uganda zimeondoka kabla hajafika mjini.

Mjini anapanda bodaboda mara tano, kila mara anazidishiwa 5,000. Hiyo ni 25,000. Siku ya kuondoka anachukua gari la kubeba mzigo bila kupatana vizuri, anazidishiwa 30,000. Jumla ya yote ni shilingi 155,000 za Uganda, kama 110,700 za kwetu.

Gawa kwa magauni 80: kila gauni limepanda karibu shilingi 1,384. Faida aliyoipanga ilikuwa 5,000, sasa imebaki 3,616. Zaidi ya robo ya faida imeondoka, na hajaibiwa wala hajapoteza mzigo. Kama mtaji ulikuwa mkopo wa kikoba, marejesho yanabaki yale yale.

Ndio maana nasema nauli iingie kwenye bei ya bidhaa. Ukirudi, jumlisha usafiri wote wa mjini, gawa kwa idadi ya bidhaa, halafu ndio upange bei ya kuuza.

2. SHILINGI NI TATU, USIZICHANGANYE

Zamani Tanzania, Kenya na Uganda zilitumia shilingi moja ya Afrika Mashariki. Mwaka 1966 kila nchi ikatoa ya kwake. Jina likabaki moja, thamani zikaachana. Huu ndio mtego wa kwanza kwa mgeni.

Kwa makadirio, shilingi 1 ya Tanzania ni kama 1.4 ya Uganda. Na shilingi 1 ya Kenya ni kama 19 au 20 za kwetu. Viwango vinapanda na kushuka, kwa hiyo angalia cha siku unayosafiri. Ila kwa kichwa cha haraka barabarani, kariri hivi:

- Uganda: 7,000 zao ni kama 5,000 zetu. 14,000 zao ni kama 10,000 zetu.
- Kenya: 100 zao ni kama 2,000 zetu. 1,000 zao ni kama 20,000 zetu.

Mama mmoja mteja wangu, anazunguka magulio na vitenge, alifika Uganda akaambiwa nauli "elfu thelathini". Alikuwa bado hajachenji. Dereva akamwambia hakuna shida, toa hiyo hiyo ya kwenu. Mama akatoa noti tatu za elfu kumi za Tanzania, akaona ni sawa kwa sawa. Kumbe 30,000 za Tanzania ni kama 42,000 za Uganda. Kwa safari moja ameacha 12,000 za ziada, na hakuna aliyemdanganya kwa maneno, maana namba ilikuwa ile ile.

Kwa hiyo kanuni: ukiwa Uganda lipa kwa hela ya Uganda, ukiwa Kenya lipa kwa ya Kenya. Na ukiambiwa bei, uliza "ya hapa au ya Tanzania?" kabla hujakubali. Swali hilo halina aibu.

Uwe makini pia na bei zinazotajwa kwa mkato. Dereva wa Kampala akisema "kumi", ana maana elfu kumi. Nairobi "soo" ni mia moja na "thao" ni elfu moja. Usiitikie kwa kichwa tu. Itamke namba yote mwenyewe: "Yaani shilingi elfu kumi, mpaka Kikuubo, mimi na begi hili, sawa?" Akiitikia, hapo mmepatana.

3. NENO "TEKSI" HALINA MAANA MOJA

Sisi tukisema teksi tunamaanisha gari dogo la kukodi peke yako. Ukifika Kampala ukauliza teksi iko wapi, utaonyeshwa gari la abiria 14, jeupe lenye mstari wa viboksi vya bluu. Hiyo ndio daladala yetu, na ndio matatu ya Kenya. Unalipa kiti, unashuka njiani, konda anakusanya nauli.

Gari dogo la kukodi Waganda wanaliita "speshali haya". Ukilitaka hilo, sema hivyo hivyo. Ukichanganya maneno unaweza kujikuta umekodi gari zima wakati ulitaka kiti kimoja, au uko na mabegi manne kwenye gari la watu 14 unaambiwa ulipie viti vitatu.

Bodaboda hilo neno ni letu sote. Lilianzia mpaka wa Kenya na Uganda upande wa Busia, kwenye baiskeli zilizokuwa zinavusha watu toka mpaka mmoja hadi mwingine. Leo ni pikipiki, na Kampala zimejaa kila kona.

4. KAMPALA HATUA KWA HATUA

KABLA HUJATOKA NYUMBANI. Andaa pasipoti au hati ya dharura ya kusafiria toka Uhamiaji, na kadi ya chanjo ya homa ya manjano. Kwenye simu, pakua programu za usafiri zinazotumika Kampala, kama SafeBoda iliyoanzia hapo hapo Kampala mwaka 2014, au Bolt. Jisajili ukiwa bado Misungwi, kwa sababu programu zinatuma namba ya uhakiki kwa ujumbe. Ukisubiri mpaka uko ugenini na laini yako haipokei ujumbe, umekwama.

MUTUKULA. Hapa tangu 2017 kuna kituo cha pamoja cha mpakani, unagongewa kutoka na kuingia sehemu moja. Watu wa kuchenji watakufuata. Uliza viwango kwa watu wasiopungua watatu, hesabu hela mwenyewe kwa mkono wako, na usimrudishie mtu hela "ahesabu tena" ukishaipokea. Akiitaka tena, rudia kuhesabu toka mwanzo ikirudi kwako. Kama una kiasi kikubwa, chenji ya kukufikisha tu hapo, nyingine nenda nayo benki au duka la kubadilisha fedha lenye leseni, upate na risiti. Toka hapo mpaka Kampala bado una zaidi ya kilomita 200, unapita Masaka.

UKISHUKA KAMPALA. Usiamue ukiwa umezungukwa. Madereva watakushika begi, watakuita mkubwa, watakuita dada. Sogea pembeni, ingia hata kwenye mgahawa uagize chai, halafu fungua simu. Hapa kuna ujanja mmoja mzuri sana: hata kama huna mpango wa kupanda kwa programu, andika unakotoka na unakokwenda. Programu itakuonyesha makadirio ya bei. Hiyo ndio bei elekezi yako ya kupatana na dereva yeyote wa mtaani. Huna intaneti? Muuliza muuza duka, sio dereva: "Toka hapa mpaka Owino wanalipaga shilingi ngapi?" Uliza wawili. Wakifanana, umeipata bei.

KUPATANA. Salamu kwanza. Mwanaume mwite "ssebo", mwanamke "nnyabo". "Ssente mmeka?" ni "shilingi ngapi?" kwa Kiganda. Ukishukuru sema "weebale". Kwenye teksi ya abiria, ukitaka kushuka mwambie konda "maaso awo", yaani hapo mbele. Maneno haya manne au matano hayakufanyi kuwa Mganda, ila yanamwonyesha mtu kwamba hujaja jana. Kiswahili utawapata wanaokijua, lakini usitegemee kila mtu.

SOKONI. Maeneo mengi ya wafanyabiashara yako katikati ya mji na yamekaribiana. Soko la Owino, ambalo jina lake rasmi ni St. Balikuddembe, vichochoro vya Kikuubo vya bei ya jumla, na stendi kubwa za teksi, vyote unaweza kuvitembelea kwa miguu. Ukilala gesti ya katikati unaweza kulipa chumba bei ya juu kidogo lakini ukaokoa nauli za siku nzima. Pima vyote viwili kabla hujakimbilia chumba cha bei rahisi cha mbali.

MZIGO. Usinunue kidogo kidogo ukapanda boda na kila furushi. Omba duka moja uliloliamini likutunzie mizigo, kusanya yote, kodi gari mara moja tu. Ukipatana na mwenye gari, taja vitu vinne: unakotoka, unakokwenda, idadi ya mafurushi, na nani anapakia na kushusha. Wengi wanapigwa hapo kwenye kupakia. Bei ya gari mmekubaliana, mara anatokea kijana wa tatu anadai yake.

5. KULIPA UGANDA

Hela taslimu bado inafanya kazi kila mahali, ila chenji ni tatizo. Noti kubwa ya Uganda ni 50,000. Ukimpa boda noti hiyo kwa safari ya elfu chache, atakwambia hana chenji, na mara nyingi kweli hana. Asubuhi kabla hujaingia mjini, nunua maji na chapati, vunja noti. Tembea na noti za 1,000, 2,000 na 5,000 za nauli.

Kama unasafiri mara kwa mara, sajili laini ya Uganda kwa pasipoti yako, MTN au Airtel, ufungue na akaunti ya simu. Madereva wengi wanapokea. Zingatia mambo mawili. Kwanza, Uganda kuna kodi ya asilimia 0.5 kwa kiasi unachotoa, juu ya makato ya mtandao. Ukitoa 1,000,000, kodi peke yake ni 5,000. Kwa hiyo hela iliyoko kwenye simu jitahidi ilipie vitu moja kwa moja, usiitoe halafu ulipe taslimu. Pili, ukimlipa dereva kwa simu, usishuke wala usishushe macho mpaka yeye mwenyewe aseme ujumbe umeingia. Soma jina linalotokea kabla hujaweka namba ya siri.

Kutuma toka Tanzania inawezekana kwa baadhi ya mitandao yetu. Muulize wakala vitu viwili kabla hujatuma: makato ni kiasi gani, na kiwango cha kubadilisha ni kipi. Wengi wanauliza makato tu. Hasara kubwa mara nyingi iko kwenye kiwango.

6. NAIROBI

Wanaopitia Sirari kwenda kufuata nguo Gikomba au Eastleigh, habari njema ni kwamba Kenya karibu kila kitu kinalipwa kwa M-Pesa. Ilianzia huko mwaka 2007. Ukiwa na M-Pesa ya Vodacom unaweza kutuma kwenda M-Pesa ya Safaricom, kwa hiyo unaweza kwenda na hela kidogo mfukoni na nyingine ukaiacha kwenye laini ya mtu wako wa kuaminika au laini yako uliyosajili kule.

Kwenye matatu, nauli haina bei moja ya siku nzima. Asubuhi na jioni inapanda, mvua ikinyesha inapanda zaidi. Ukiweza, tembea saa nne asubuhi mpaka saa tisa mchana. Uliza bei kabla hujapanda, sio ukishakaa.

Magari ya programu yapo ya kutosha: Uber, Bolt, na Little ambayo ni ya Wakenya wenyewe. Dereva akikupigia kukuuliza "unaenda wapi, unalipa cash au M-Pesa?", mjibu vizuri, ila akikwambia ughairi kwenye programu akubebe kwa mapatano ya pembeni, kataa. Ukighairi, safari yako haina kumbukumbu. Begi likisahaulika kwenye gari hujui pa kuanzia.

7. DUBAI

Huku mambo yamenyooka zaidi, ila bei inaumiza usipojua. Teksi zote rasmi zina mita, hakuna kupatana. Rangi yake ni kama maziwa ya mtindi, paa lina rangi ya kampuni. Zenye paa la pinki zinaendeshwa na wanawake, kwa ajili ya wanawake na familia, akina mama mnaosafiri peke yenu mzijue.

Mita ya teksi inayotoka uwanja wa ndege inaanzia juu kuliko ya mjini. Imekuwa dirham 25 kabla gari halijasogea. Dirham imefungwa na dola kwa 3.67, kwa hiyo hiyo ni karibu dola 7. Njiani gari likipita kwenye geti la Salik, ile tozo nayo inaongezwa kwenye mita. Ukishuka usishangae, wala usigombane na dereva, hakuna alichokuibia.

Dawa yake ni treni. Metro ya Dubai ilianza mwaka 2009, na inafika uwanja wa ndege. Unanunua kadi inaitwa Nol, unaweka hela, unagusa kuingia na kugusa kutoka. Ukifikia Deira, ambako wafanyabiashara wengi wetu hufikia, kuna vituo kama Baniyas Square. Nenda sokoni kwa treni na mikono mitupu, rudi kwa teksi ukiwa na mzigo. Nauli yako inashuka sana kwa mpango huo tu.

Ukilipa kwa kadi ya benki, mashine inaweza kukuuliza: ulipe kwa dirham au kwa hela ya kwenu? Chagua dirham. Ukichagua ya kwenu, mwenye mashine ndiye anayepanga kiwango, na mara nyingi ni kibaya. Na kabla hujasafiri pita benki yako uulize kama kadi yako imefunguliwa kulipia nje ya nchi.

8. GUANGZHOU

China ndio wengi wanapoingia kwa woga, na woga wenyewe unatokana na lugha. Dereva wa teksi hajui Kiswahili, na Kiingereza usikitegemee. Ukimsomea jina la soko kwa matamshi ya Kimisungwi hatakuelewa. Fanya hivi: kila anwani unayokwenda, iwe nayo kwa maandishi ya Kichina. Muombe muuzaji akutumie kabla. Hotelini chukua kadi yao, ina jina na anwani kwa Kichina. Hiyo kadi ndio tiketi yako ya kurudi kila jioni. Ipige picha pia.

Jambo la pili, ramani za Google na WhatsApp hazifunguki kwa intaneti ya kawaida ya kule. Ukitegemea hizo utabaki barabarani unaangalia kioo. Pakua Alipay na programu ya ramani ya Amap kabla hujaondoka.

Kuhusu kulipa: Wachina wanalipa kwa kuskani, Alipay au WeChat. Tangu 2023 mgeni anaweza kuunganisha kadi yake ya Visa au Mastercard toka nje. Kwa Alipay, utaratibu umekuwa kwamba muamala usiozidi yuan 200 hauna ada, ukizidi hapo ada ni asilimia 3. Maana yake kwa mfanyabiashara ni rahisi: teksi, chakula na treni lipa kwa simu, kwa sababu kiasi ni kidogo. Mzigo wa maelfu ya yuan ulipie kwa njia nyingine mliyopatana na muuzaji, usikatwe asilimia 3 ya mtaji. Fanya jaribio la kuunganisha kadi ukiwa bado nyumbani, ili ikigoma uende benki.

Ndani ya Alipay kuna DiDi, ndio programu yao ya kuita gari. Unaandika unakokwenda, bei unaiona, huna haja ya kuongea. Ukichukua teksi ya barabarani, hakikisha mita imewashwa, na ukishuka dai risiti, inaitwa "fapiao". Ina taarifa za gari. Ukisahau begi la sampuli, kwa risiti hiyo hoteli inaweza kukusaidia kulitafuta.

Ukilipa taslimu, toa noti ndogo. Noti yao kubwa ni yuan 100, na kuna mchezo unaojulikana: unatoa 100 nzima, dereva anaibadilisha kwa ujanja, anakurudishia ya bandia akisema yako ni mbovu. Kabla hujatoa noti ya 100, soma kwa sauti tarakimu zake za mwisho. Akiona umezisoma, mchezo unaishia hapo.

Uwanja wa ndege, kokote kule duniani, usimfuate mtu anayekuja kukunong'oneza "teksi, teksi" ndani ya jengo. Nenda kwenye foleni rasmi.

9. MIFUKO MITATU

Huu ni utaratibu unaofanya kazi mji wowote.

Mfuko wa kwanza ni wa NAULI. Noti ndogo tu, za siku moja. Huu ndio unafunguliwa mbele ya watu.

Mfuko wa pili ni wa MZIGO. Unafunguliwa dukani tu, ukiwa umekaa, sio barabarani na sio kwenye pikipiki.

Mfuko wa tatu ni wa KURUDI. Nauli ya mpaka nyumbani na ya dharura, pamoja na nakala ya pasipoti. Huu hauguswi hata ukutane na mzigo wa bei ya kutupa. Watu wamekwama stendi na marobota yao wanapiga simu nyumbani watumiwe nauli, kwa sababu mfuko huu uliliwa na "ofa".

Kila jioni kaa na daftari. Andika safari zote za siku, hata ya boda ya dakika tano. Safari ya pili utakayofanya, daftari hilo litakuwa ndio bei elekezi yako, na hakuna atakayekuambia bei ya kubahatisha.

10. USALAMA KIDOGO

Kabla hujapanda, piga picha namba ya gari au pikipiki, mtumie mtu wa nyumbani. Dereva akikuona unapiga, safari inakuwa na heshima. Kwenye boda vaa helmeti, begi liwe mbele yako, simu isikae mkononi. Usipande na dereva aliyeongeza "rafiki yake" njiani. Usiku kama unabeba hela, bora ulale hapo hapo ulipo uondoke asubuhi. Gari ulilokodi likiwa na mzigo wako, usishuke kwenda kununua maji ukaacha dereva peke yake, hata akiwa anaimba kwaya.

Na tusiwaone madereva wote kama wezi. Wengi ni watafutaji kama sisi, wanalipa hesabu ya siku kwa mwenye chombo. Ukimpata mmoja aliyekutendea haki, chukua namba yake, mtumie tena safari ijayo. Mteja wa kudumu tunamjua sisi wenyewe dukani tunavyomtunza. Na yeye atakutunza hivyo hivyo, hata kukuonyesha duka ambalo mgeni hafiki.

Ukiwa unajiandaa kusafiri mwezi huu, leo fanya vitu vitatu tu: pakua programu na ujisajili, andika viwango vya kubadilisha fedha kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari, na tenga mifuko yako mitatu. Kama husafiri lakini unajua mwenzako anaenda, mtumie haya kabla hajapanda basi.

Safari njema, na mzigo ufike salama.